Droni na Usalama wa Ndege

Angani kuna njia, kama zilivyo njia za ardhini. Njia hizo hatuzioni kwa macho, lakini marubani wanazijua. Ndege inayotoka Mwanza kwenda Seronera ina njia yake. Ndege ndogo inayoshuka katika uwanja wa mgodi wa North Mara, jirani na Kewanja, nayo ina njia yake. Siku hizi njia hizo zimepata mgeni. Mgeni huyo ni droni.

DRONI NI NINI?

Droni ni chombo kidogo kinachoruka bila mtu ndani yake. Anayeiendesha yuko chini. Anaiongoza kwa kifaa anachokishika mkononi. Kifaa hicho hutuma mawimbi kama yale ya redio.

Droni nyingi zina pangaboi nne ndogo. Hutumia nguvu ya betri. Chini yake huwa na kamera ya kupiga picha. Droni nyingine hazifiki hata nusu kilo. Nyingine zina uzito wa kilo moja hivi. Ziko pia kubwa za kubeba mizigo.

Droni si kitu kibaya. Mwaka 2018 droni ilipeleka vifurushi vya dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe kwa majaribio. Safari ya kilomita 60 ilichukua dakika 40 hivi. Katika nchi jirani ya Rwanda, tangu mwaka 2016 droni hupeleka damu katika hospitali za mbali. Huko Unguja na Pemba zilitumika kupiga picha za kuchorea ramani. Hapa kwetu vijana huzitumia kupiga picha za arusi, sherehe za tohara na mechi za mpira.

Kwa hiyo droni ni kama panga. Panga hulima na kufyeka. Lakini panga hilo hilo likishikwa ovyo hukata mtu.

KWA NINI NI HATARI KWA NDEGE?

Zipo sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni mwendo. Mwendesha bodaboda akigongana na kunguru huku anakwenda polepole, hapati madhara makubwa. Akiwa katika mwendo mkali anaweza kuanguka na kuumia vibaya. Kunguru ni yule yule, ila mwendo umebadilika. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Ndege aina ya Cessna Caravan, ambazo hupeleka wageni wengi Serengeti, huruka kilomita 300 hivi kwa saa. Hata kama droni imesimama angani bila kusogea, ndege huijia kwa mwendo huo.

Sababu ya pili ni ugumu. Ndege wa porini ni nyama, mifupa na manyoya. Hata hivyo huweza kuangusha ndege kubwa. Tarehe 15 Januari, 2009, ndege ya abiria iligonga kundi la mabata bukini karibu na New York. Injini zote mbili zikapoteza nguvu. Rubani aliteremsha ndege mtoni, na watu wote 155 walipona. Cessna Caravan ina injini moja tu.

Droni ina mota za chuma na betri nzito. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dayton, Marekani, walifanya jaribio. Walirusha droni ya kilo moja hivi ili igonge bawa la ndege ndogo. Ilikwenda kwa mwendo wa kilomita 380 hivi kwa saa. Droni ilipasua bawa, ikaingia ndani, ikaharibu mhimili mkuu. Walirusha pia kitu laini chenye uzito kama huo, mfano wa ndege wa porini. Hicho kilichana sana sehemu ya mbele ya bawa, lakini hakikupenya ndani kama droni.

Sababu ya tatu ni kutoonekana. Droni nyingi ni ndogo kuliko ungo wa kupepetea. Ndege iendayo kilomita 300 kwa saa hupita zaidi ya mita 80 kwa kila sekunde moja. Rubani akiiona droni, mara nyingi hana tena nafasi ya kukwepa.

MAMBO YALIYOKWISHA TOKEA

Tarehe 21 Septemba, 2017, droni iligongana na helikopta ya jeshi karibu na New York. Helikopta ilirudi salama. Mwenye droni alikuwa umbali wa kilomita 4 hivi. Alikuwa haioni droni yake kwa macho. Hakujua kwamba imegonga helikopta mpaka wachunguzi walipomfikia.

Mwezi uliofuata, tarehe 12 Oktoba, 2017, droni iligonga ndege ndogo iliyokuwa ikikaribia kutua katika mji wa Québec, Kanada. Ndani yake walikuwamo watu 8. Kwa bahati walitua salama.

Januari 2025 moto mkubwa uliteketeza nyumba nyingi katika eneo la Los Angeles. Ndege moja iliyokuwa ikimwaga maji ili kuuzima iligongwa na droni. Bawa lilitoboka. Ndege ikatolewa kazini kwa siku kadhaa, na huku moto unawaka. Mtu mmoja alitaka kutazama moto, na ndege ya kuuzima ikakosekana.

Lakini tusikimbilie kulaumu. Tarehe 5 Januari, 2017, ndege ya abiria ya Msumbiji ilitua Tete ikiwa imebonyea puani. Mwanzoni ilidhaniwa imegongwa na droni. Uchunguzi ulionyesha kwamba kifuniko cha pua chenyewe ndicho kilichoshindwa. Kwanza tuchunguze, ndipo tuseme.

HATARI IKO WAPI KATIKA ENEO LETU?

Ndege kubwa tunazoziona zikipita juu sana huwa katika kimo cha mita 10,000 hivi. Hizo hazifikiwi na droni ya arusi. Hatari iko chini, pale ndege inaporuka na inapotua.

Katika eneo letu ndege nyingi huruka chini. Kuna uwanja wa mgodi. Ng'ambo ya kusini, katika Hifadhi ya Serengeti, kuna viwanja kama Kogatende na Seronera. Watafiti wanaohesabu wanyama huruka mita 100 hivi tu juu ya ardhi. Helikopta za kusaka majangili pia huruka chini. Droni ya kawaida hufika kimo hicho bila shida. Maana yake ni kwamba ndege na droni huweza kukutana katika kimo kile kile.

Kuna pia ndege za wagonjwa. Madaktari wa ndege wa AMREF walianza kazi hiyo Afrika Mashariki mwaka 1957. Wanapoitwa hutua hata katika viwanja vidogo vya porini. Rubani akiona droni karibu na uwanja, itambidi azunguke au arudi. Mgonjwa anayevuja damu hawezi kusubiri mpaka arusi iishe.

SHERIA INASEMAJE?

Mwaka 1944 mataifa mengi yalikutana Chicago, Marekani. Yalipatana kuhusu usafiri wa anga. Kifungu cha 8 cha mapatano hayo kinasema kwamba ndege isiyo na rubani isiruke juu ya nchi bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Basi jambo hili si geni.

Hapa Tanzania anga husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, yaani TCAA. Kanuni za vyombo hivi zilitolewa mwaka 2018. Mambo makubwa ya kukumbuka ni haya:

1. Droni iandikishwe TCAA, na mwenyewe apate kibali kabla ya kuirusha.
2. Kibali cha Wizara ya Ulinzi pia kinahitajika.
3. Katika hifadhi za taifa, kama Serengeti, ni lazima kupata ruhusa ya TANAPA.
4. Droni isipite kimo cha mita 120 hivi kutoka ardhini.
5. Anayeirusha aione kwa macho yake wakati wote.
6. Isirushwe karibu na uwanja wa ndege bila ruhusa.

Sheria hii ni ya wote, mwenyeji na mgeni.

Vijana wengine husema, "Kibali kina safari nyingi na gharama. Nitakosa kazi ya arusi." Ni kweli kwamba kibali kina usumbufu. Lakini hata leseni ya pikipiki ina usumbufu, na bado tunaitaka kwa sababu tumezika watu. Vijana wenye kazi hii wanaweza kuungana kikundi, wakaulizia utaratibu pamoja na kuomba mapema. Mwenye arusi naye amwulize mpiga picha kuhusu kibali, kama anavyomwuliza bei.

TUFANYE NINI KIJIJINI?

Ukisikia mlio wa ndege au helikopta huku unarusha droni, iteremshe mara moja. Usingoje kuiona ndege.

Ukiona mtu anarusha droni karibu na uwanja wa ndege, mweleze kwa upole. Asiposikia, mwarifu mtendaji wa kijiji au polisi.

Usiipige droni kwa jiwe, mshale wala bunduki. Ikianguka huweza kuumiza watu. Huenda pia ni ya wapimaji wenye kibali.

Droni iliyoanguka isichezewe na watoto. Betri yake ikipasuka huweza kuwaka moto mkali. Simama mbali na utoe taarifa.

Ndugu mwanakisomo, mtu aliye ndani ya ndege ndogo anaweza kuwa mfanyakazi wa mgodi, askari wa wanyamapori, au mama mgonjwa kutoka kijiji chetu. Rubani hana breki ya kusimama angani. Aliye chini ndiye mwenye nafasi ya kumwachia njia.

MANENO YA KUJIFUNZA

Rubani: mtu anayeendesha ndege.
Kibali: ruhusa iliyoandikwa.
Kimo: urefu wa kwenda juu.
Mhimili: sehemu inayobeba uzito wa kitu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini droni ya kilo moja inaweza kuharibu ndege?
2. Ni ndege zipi huruka chini katika eneo letu?
3. Yule mwenye droni wa New York alikosea nini?
4. Kijana wa kijijini kwenu amenunua droni ya kazi. Kikundi chenu kitamshauri nini?