Kalamu ya Daktari Lambo

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Mwandishi wake, J. C. Carothers, alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni ya Kenya, naye aliisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950. Humo alimfananisha Mwafrika mwenye afya na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo.

Mwaka 1954 serikali hiyo ilichapisha ripoti yake juu ya Mau Mau. Watu waliodai ardhi na uhuru walielezwa humo kana kwamba ni watu waliovurugikiwa nafsi. Ripoti iliunga mkono kuwakusanya raia katika vijiji vipya, kazi iliyotekelezwa kwa nguvu za askari. Ndivyo maandishi ya mtaalamu yanavyoweza kugeuka amri.

Jibu la kitaalamu lilitoka Nijeria. Thomas Adeoye Lambo alizaliwa Abeokuta mwaka 1923, akasomea udaktari Birmingham, Uingereza, kisha akarudi kwao. Mwaka 1954 alianza kuwatibu wagonjwa katika vijiji vilivyozunguka hospitali ya Aro. Kila mgonjwa aliishi katika nyumba za wanakijiji pamoja na jamaa yake, mama au ndugu, aliyempikia na kumpeleka hospitali kwa matibabu. Waganga wa jadi nao walishirikishwa.

Lambo hakutosheka na kutibu, aliandika. Makala yake ya mwaka 1955, iliyotoka katika jarida la wataalamu wa Uingereza, ilichunguza Wayoruba waliougua wazimu wa kushuku watu, ikaonyesha jinsi mila na malezi yanavyougeuza sura ugonjwa huo. Mwaka 1963, yeye na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, pamoja na wenzao, walitoa kitabu kuhusu maradhi ya akili miongoni mwa Wayoruba. Walikwenda vijijini, wakawahoji watu, kisha wakalinganisha majibu na yale ya wilaya moja ya Kanada. Dalili zilifanana sana. Hata huzuni ya kuugua, ambayo wakoloni walidai ni nadra kwa Mwafrika, ilikuwepo tele.

Athari yake ilivuka mipaka. Shirika lile lile lililotoa kitabu cha Carothers lilimfanya Lambo Naibu Mkurugenzi Mkuu wake, cheo alichokishika tangu 1973 hadi 1988. Ibadan ikawa miongoni mwa vituo 9 vya dunia vilivyoshiriki uchunguzi mkubwa wa shirika hilo juu ya skizofrenia. Lambo alifariki mwaka 2004.

Ndugu askari, jambo hili lakuhusu. Mtu anapopandwa na wazimu sokoni, aghalabu wewe ndiwe wa kwanza kuitwa, nawe huja na pingu mkononi. Na mwenzako aliyerudi kutoka vitani, asiyelala usiku, huenda akaitwa mwoga na wale wasiojua. Aro ilifundisha kwamba mgonjwa wa namna hiyo hahitaji kutengwa na watu wake ili apone. Basi kabla ya kumfungia mtu chumbani, uliza kwanza: jamaa zake wako wapi, na hospitali iliyo karibu ni ipi?