Sukari ya Ukoo: Tunarithi Nini Hasa?

"Sukari iko kwenye ukoo wetu, mimi itanikuta tu." Kauli hii nimeisikia hosteli, kwenye daladala, hata msibani. Wenzangu, ina ukweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo inayotuponza.

Tuanze na ukweli. Wengi tunadhani ugonjwa ukija ukubwani, basi umetoka nje. Si lazima. Ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo, mara nyingi hujitokeza kati ya miaka 30 na 50. Lakini chanzo chake ni hitilafu kwenye jeni moja, iliyotambuliwa mwaka 1993, na mtu anazaliwa nayo. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi, na hakuna lishe wala mazoezi ya kuizuia.

Kisukari aina ya pili hakiko hivyo. Hapa zinahusika jeni nyingi, kila moja ikiongeza hatari kidogo tu. Unachorithi ni mwelekeo, kwa mfano kongosho linaloelemewa mapema. Mwelekeo huo unaweza kukaa kimya miaka 40, mpaka uzito upande na mwili uzoee kukaa tu.

Na mazingira yanaanza kazi kabla hujazaliwa. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Uholanzi ilikumbwa na njaa kali wakati wa vita. Watoto waliokuwa tumboni kipindi kile walipopimwa wakiwa na miaka kama 50, miili yao ilidhibiti sukari vibaya kuliko ya wenzao waliozaliwa kabla ya njaa au waliotungwa mimba baada yake.

Sasa ile nusu inayotuponza, yaani "itanikuta tu". Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2002 ulihusisha watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilishaanza kupanda. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kwa takriban miaka mitatu, waliopata kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58, ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Jeni zao hazikubadilika hata moja.

Halafu tukumbuke, ndugu hawashiriki damu tu, wanakula chungu kimoja. Baba, shangazi na babu wakiugua, huenda ni jeni, huenda ni ugali mkubwa na chai ya sukari nyingi, na mara nyingi ni vyote.

Sisi wa ualimu tunalo la kufanya. Tukifundisha urithi kwa njegere za Mendel peke yake, mwanafunzi ataondoka akiamini kila sifa ya mtu inakwenda kama rangi ya njegere. Tumwongezee mfano wa kisukari.

Na wewe ambaye kwenu ipo, bumu likiingia, kabla ya chipsi mayai na soda, pitia zahanati ukapime. Kuwa na sukari kwenye ukoo ni sababu ya kuwahi kupima, si ya kukata tamaa.