MTOTO AKIZIBA PUA: KIMASHINE CHA KUVUTA KAMASI KITUMIKEJE?



Hivi karibuni tulimpokea wodini mama kijana kutoka upande wa Kirumba, amembeba mtoto wa wiki 7. Pua ya mtoto ilikuwa imevimba na ilitoa damu kidogo. Dada yake alikuwa amemletea kutoka Dar es Salaam kimashine cha betri cha kuvuta kamasi, naye kwa siku 2 alikuwa akikitumia karibu kila saa. "Sista, navuta lakini bado anahema," alituambia.

Tulifunua kifua cha mtoto tukahesabu pumzi: 68 kwa dakika. Ugonjwa haukuwa puani tu. Ilikuwa nimonia. Alilazwa, akawekewa oksijeni, akachomwa sindano, na kwa neema ya Mungu akapona. Lakini siku 2 zilikuwa zimepotea.

Kwa nini pua humsumbua mtoto

Katika miezi ya mwanzo mtoto hupumua zaidi kwa pua, na matundu yake ni membamba. Kamasi kidogo tu humfanya aachie ziwa na kulia. Ndiyo maana bibi zetu wengi huinyonya kamasi kwa mdomo. Wanafanya kwa upendo, lakini mtu mzima mwenye mafua au kikohozi humwambukiza mtoto kwa urahisi. Kimashine kinaweza kusaidia, kikitumiwa kwa utaratibu huu:

1. Nawa mikono kwa sabuni.

2. Lainisha kamasi kwanza. Dondosha matone 1 au 2 ya maji ya chumvi ya duka la dawa katika kila tundu, ngoja dakika 1. Ukiyakosa, chemsha maji, yaache yapoe, kisha katika mililita 250 tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kikiwa kimesawazishwa. Yanayobaki jioni yamwage. Usitie mafuta puani, kwani yanaweza kuingia mapafuni. Usitie pia maji ya kitunguu.

3. Vuta kabla ya kunyonyesha. Ukivuta akiwa ameshiba, atatapika. Kichwa kiwe kimeinuka, na mtu mwingine amshike.

4. Anza na nguvu ndogo kabisa. Ncha laini ikae mlangoni mwa tundu. Usiisukume ndani, wala usiielekeze kwenye ukuta wa katikati ya pua.

5. Vuta kwa sekunde 3 hadi 5, kisha toa. Mara 3 au 4 kwa siku zinatosha. Kuvuta mno huvimbisha pua, na pua iliyovimba huziba zaidi. Ukiona damu, acha.

6. Osha ncha na kikombe chake kwa maji ya moto na sabuni kila mara, vikauke kabisa. Sehemu yenye mota isiingie majini. Usikitumie kikiwa kwenye chaji, wala usiazimane na jirani.

7. Betri ndogo za duara ziwe mbali na watoto. Mtoto akimeza moja, inaweza kuunguza umio kwa saa chache tu. Mkimbize hospitali hapo hapo.

Asiyekuwa na kimashine asisikitike. Mara nyingi matone ya chumvi na kitambaa laini safi vinatosha.

Hesabu pumzi

Kimashine huvuta kamasi ya puani tu, hakifiki mapafuni. Kwa hiyo mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, inua shati, tazama tumbo likipanda na kushuka, na uhesabu dakika 1 nzima kwa saa. Pumzi ni za haraka zikifika:

- 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi, kuanzia miezi 2 hadi atimize mwaka;
- 40 au zaidi, kuanzia mwaka 1 hadi atimize miaka 5.

Hesabu ikifika hapo, mpeleke siku hiyo hiyo. Hata ikiwa ndogo, mkimbize akishindwa kunyonya, kifua kikibonyea chini ya mbavu, akiguna kila atoapo pumzi, midomo ikiwa ya bluu, akilegea au akipata degedege. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa, au mwenye mwili wa baridi, asingoje kupambazuke.

Ninyi mnaokaa visiwani, anzeni kwenye zahanati iliyo karibu, msingoje boti ya kesho. Ninyi wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kivuko si kikwazo tena mkipewa rufaa ya kuja Bugando.

Msisahau pia chanjo ya nimonia katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ziwa la mama peke yake kwa miezi 6, na kumweka mtoto mbali na moshi wa jiko na wa sigara.

Yule mama wa Kirumba tumemwona tena kliniki, mtoto amenenepa. Kimashine bado anacho. Ila siku hizi, alituambia, anahesabu kwanza.