Uwiano wa PG na VG

Uwiano wa PG na VG ni kiasi cha propilini glikoli (PG) kikilinganishwa na cha gliserini ya mimea (VG) katika kimiminika cha sigara ya kielektroniki. PG ni nyepesi na hubeba ladha. VG ni nzito na hutoa mvuke mwingi.

Wanaochanganya nyumbani husahau kwamba nikotini na ladha huuzwa zikiwa zimeyeyushwa tayari, mara nyingi katika PG. Kwa mililita 100 zenye PG 30%, VG 70% na nikotini miligramu 3 kwa mililita, huhitajika miligramu 300 za nikotini. Nikotini ya miligramu 20 kwa mililita, kikomo cha Umoja wa Ulaya katika agizo la 2014, itachukua mililita 15. Ladha ya 10% itachukua 10. Zote zikiwa katika PG, huongezwa PG tupu mililita 5 tu, na VG 70. Anayeanza kwa kumimina PG 30 na VG 70 huishia na mililita 125 zenye PG 44%, na nikotini hushuka hadi 2.4.

Kosa la nukta ni baya zaidi, kwa kuwa nikotini ni sumu na hupenya hata kwenye ngozi. Glavu huvaliwa, na chupa huwekwa mbali na watoto.