Kuzunguka Si Kuchanganyika

Pipa lenyewe ni lile la bluu la lita 200, na mwiko ni mrefu kama kasia. Hapa Kataboi, ufuoni magharibi mwa Ziwa Turkana, nimesimama na akina mama wakipokezana kukoroga sabuni ya maji. Wanaanza na Ungarol, ile rojo nyeupe, wanaongeza maji kidogo kidogo, kisha chumvi iliyoyeyushwa. Dakika chache tu, kilichokuwa chepesi kama chai kinageuka kuwa kizito kama uji. Mabega yanauma, na bado chini kunabaki madonge na juu povu.

Kijana mmoja fundi wa kuchomelea alitaka kuwapunguzia kazi. Alichomelea vipande viwili vya chuma bapa, vilivyosimama wima, kwenye ncha ya nondo, akaishika nondo kwa drili na kuiwasha kwa umeme wa sola. Maji yalizunguka kwa kasi ya kupendeza. Katikati likafunguka shimo mpaka kwenye mapanga yenyewe, hewa ikanyonywa, pipa likajaa povu, na betri ikaisha kabla sabuni haijawa tayari.

Fundi hakukosea chuma wala drili. Alichokosa ni jambo ambalo wengi wetu tunaosomea uhandisi hulipata kwa kuchelewa: kuzunguka si kuchanganyika. Kioevu kinachozunguka chote kwa pamoja ni kama abiria wa matatu moja. Wote wanasafiri, lakini hakuna aliyebadilisha kiti. Cha chini kinabaki chini na cha juu kinabaki juu.

Dawa yake ni kuinamisha mapanga. Panga lililolazwa kwa nyuzi 45 husukuma kioevu kuelekea chini, kikagonga kitako cha pipa, kikapanda kwa kufuata ukuta na kurudi juu, ndipo madonge ya chini yanapopata safari. Viwandani huongezwa vipande vinne vyembamba vya bati vilivyosimamishwa ukutani mwa tangi ili kuvunja ule mzunguko. Kwenye pipa la plastiki kuna njia ya bei rahisi zaidi: usiisimamishe nondo katikati, isogeze kando kidogo. Shimo la hewa halipati pa kujijenga.

Halafu kuna hesabu ya umeme, na hii naomba msomaji aishike kuliko nyingine zote. Kwenye kioevu chepesi kinachosukwasukwa, nguvu inayoliwa na pangaboi hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, unalipa nguvu mara nane. Pangaboi la mapanga manne yaliyoinama, lenye upana wa sentimita 19, likizunguka mara 300 kwa dakika ndani ya maji hula takribani wati 40. Liongeze hadi mara 600, utahitaji zaidi ya wati 300. Gurudumu la mapanga sita yaliyosimama wima, lenye upana uleule na mwendo uleule, hula karibu mara nne ya lile lililoinama.

Hata upepo unafuata hesabu hiyo, ila kwa upande wa kupokea. Ule mkondo mkali unaopita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ambao wanasayansi wa hali ya hewa Kinuthia na Asnani waliuandika mwaka 1982, ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme wa upepo ng'ambo ya ziwa, upande wa Loiyangalani. Ndio pia unaolikoroga ziwa lenyewe na kupeleka hewa kwenye maji ya chini.

Sabuni ina ugumu wake wa ziada: inabadilika ukiwa kazini. Chumvi hufanya chembe zake zijipange kama nyuzi ndefu zinazosokotana, na hapo mnato unapanda, pengine mara elfu mbili ya maji. (Ukizidisha chumvi, mnato hushuka na sabuni inakuwa maji tena.) Kwenye rojo hiyo pangaboi dogo lenye kasi huchimba tundu lake na kukoroga humo humo, huku sabuni iliyo karibu na ukuta imelala. Kinachofaa ni kipana na cha polepole: mapangaboi yanayofika nusu ya upana wa pipa, mawili kwenye nondo moja kwa kuwa pipa ni refu kuliko upana wake, yakiendeshwa na mota yenye gia ya kupunguza mwendo, kama mara 120 kwa dakika. Drili ikilazimishwa mwendo huo inaweza kuungua.

"Ukikoroga kinyume itavunjika," mama mmoja alinionya. Nilimjibu kwa heshima kwamba chumvi haichagui upande. Lakini mkono wake ulikuwa unajua jambo la kweli: anayefuata upande mmoja hutulia, hapigi kioevu, na haingizi hewa.

Fundi alipoinamisha mapanga na kuyapanua, tulijaza pipa maji matupu kwanza, tukadondosha rangi ya chakula karibu na ukuta na kuhesabu kwa sauti mpaka maji yakawa rangi moja juu na chini. Tulisogeza nondo mara tatu, tukahesabu upya kila mara. Pale hesabu ilipokuwa fupi kuliko zote, mama yule alichora alama ya mkaa kwenye ukingo wa pipa.