Safari ya Desemba: Twende Nyumbani kama Maria Alivyomwendea Elizabeti



Kila mwaka, Kipindi cha Majilio kinapokaribia mwisho, barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro hufurika magari. Familia hufunga mizigo usiku, na kabla ya mapambazuko huwa zimekwisha kupita Kibaha. Chalinze huachwa nyuma, kisha Segera na Korogwe. Milima ya Usambara na ile ya Upare huwasindikiza wasafiri mkono wa kuume, hadi Himo na Moshi. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Wengine huenda kwa gari la familia, wengine kwa basi, mtoto amepakatwa na kapu la zawadi liko miguuni. Wote wana nia moja: kuwaona wazazi, ndugu na marafiki waliowaacha zamani.

Je, safari hii ni mapumziko tu ya mwisho wa mwaka, au ina neno la kutuambia kuhusu imani yetu?

Safari mbili kando ya Noeli

Kila baada ya miaka mitatu, katika Mwaka C wa liturujia, Mama Kanisa huizungushia Noeli Injili mbili za safari. Dominika ya Nne ya Majilio tunasoma jinsi Bikira Maria alivyomwendea Elizabeti (Lk 1:39-45). Katika Sikukuu ya Familia Takatifu tunasoma jinsi Yesu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alivyobaki Yerusalemu wazazi wake wakiwa njiani kurudi nyumbani (Lk 2:41-52). Safari zote mbili zinahusu jamaa, lakini kila moja ina fundisho lake.

Katika safari ya kwanza, Maria anakwenda kwa haraka mpaka nchi ya milimani, kwa ndugu yake aliyekuwa mzee na mja mzito wa miezi sita. Yeye mwenyewe alikuwa amepokea habari kubwa kuliko zote, lakini hakungoja kutembelewa. Alimsalimu Elizabeti kwanza, na kwa salamu hiyo mtoto akaruka tumboni. Mwinjili anaongeza kwamba Maria alikaa huko muda wa miezi mitatu hivi. Hakufika na kuondoka, alikaa. Alimletea mwenyeji wake utumishi wake, muda wake, na zaidi ya yote Kristo aliyekuwa tumboni mwake. Hiyo ndiyo maana ya Tendo la pili la Furaha tunalotafakari katika Rozari Takatifu.

Hatari ya kudhani

Safari ya pili inatupa onyo. Maria na Yosefu walikuwa wametimiza wajibu wa dini kwa kuhiji katika Sikukuu ya Pasaka. Walirudi katikati ya ndugu na rafiki, katika msafara uliojaa watu wema. Hata hivyo walitembea mwendo wa siku nzima kabla ya kutambua kwamba Mtoto hayumo. Injili inaeleza sababu kwa urahisi: walidhani yumo katika msafara. Hakuna aliyemtupa wala aliyemsahau kwa makusudi. Katika wingi wa jamaa, ilikuwa rahisi kuamini kwamba yuko pamoja na wengine.

Wapendwa, ndivyo tunavyopoteana katika familia zetu. Kaka anadhani dada amempigia mama simu. Dada anadhani wa Arusha, aliye karibu, amekwenda kumwona. Wa Arusha anadhani wa Dar es Salaam, mwenye uwezo, ametuma fedha za dawa. Kila mmoja anadhani kwa nia njema, na mama anakaa peke yake ilhali ana watoto saba.

Sisi mapadre tunaopeleka Ekaristi Takatifu kwa wagonjwa huona jambo hili hata siku zenyewe za Noeli. Tumewahi kufika katika nyumba ambayo uwanja wake ulijaa magari, nyama inachomwa na muziki unasikika. Bibi wa nyumba hiyo alikuwa chumba cha nyuma. Alituomba tumwambie sauti zile za watoto ni za nani, maana baadhi ya wajukuu alikuwa hajawaona tangu walipofika juzi yake. Hawakuwa watu wabaya. Tulipowauliza, walitazamana, kila mmoja alidhani mwenzake alikuwa amekwisha kuwapeleka kwake. Basi wakaingia wote, na chumba hakikutosha.

Yosefu na Maria walipotambua kosa hawakulaumiana njiani. Walirudi, wakatafuta mpaka wakapata. Nasi tufanye vivyo hivyo: kabla ya kufungua mizigo, tuulize nani katika ukoo hajaonekana, kisha twende tulipo na mashaka.

Isale na madhabahu

Mara nyingi asiyeonekana ni yule tuliyekosana naye. Ndugu hawasemezani miaka kumi kwa sababu ya mpaka wa kihamba, au maneno yaliyosemwa msibani. Wanafika kijijini mwezi huohuo, wanasali kanisa moja, na kila mmoja anatoka kwa mlango wake.

Wazee wa Kichagga walituachia hekima. Mmea wa isale hupandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, na jani la mmea huohuo huchukuliwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha. Aliyepelekewa isale hapaswi kukataa kupatana. Jani linalotenganisha mashamba ndilo linalounganisha ndugu! Mwenye imani hawezi kushindwa kuona hapo mwangwi wa agizo la Bwana: ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane naye (Mt 5:23-24). Desturi hii haichukui nafasi ya Sakramenti ya Kitubio, bali huuandaa moyo kuipokea kwa kweli.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, Misa Takatifu. Safari haifuti Dominika. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inaeleza kwamba wajibu unatimizwa kwa kushiriki Misa ya Kikatoliki popote inapoadhimishwa, siku yenyewe au jioni inayoitangulia. Tupange safari kwa kuzingatia saa za Misa. Tukumbuke pia kwamba Noeli na Dominika ni wajibu mbili. Misa moja haitimizi zote.

Pili, uhai barabarani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi ana hatia nzito. Dereva aliyechoka apumzike. Hakuna mzazi anayemhimiza mwanawe awahi kwa gharama ya roho yake.

Tatu, wazee na wagonjwa. Tusingoje dakika ya mwisho kumwita padre. Mpako wa Wagonjwa ni kwa mwamini anayeanza kuwa hatarini kwa sababu ya ugonjwa au uzee, na ni neema kubwa familia yote ikiwepo kusali pamoja naye.

Nne, marafiki wa zamani. Tumtafute katekista aliyetufundisha, msimamizi wetu wa ubatizo, jirani aliyetulisha tulipokuwa wadogo. Imani tuliyo nayo ililetwa kwa miguu: wamisionari wa Roho Mtakatifu walioanza Bagamoyo mwaka 1868 walifika Kilema mwaka 1890, bila gari wala lami. Sisi tusiache kutembea hatua mia kumshukuru aliyetushika mkono kwenda kanisani.

Mwisho, anayeshindwa kusafiri kwa kukosa nauli, au kwa sababu ya kazi, asijione amepungukiwa. Simu ya dakika kumi, inayopigwa kwa utulivu, ni ziara. Na katika Jumuiya yake Ndogo Ndogo hakosi mzee ambaye watoto wake nao hawakuweza kufika.

Bikira Maria, aliyekwenda kwa haraka na kukaa bila haraka, atusindikize njiani. Malaika Rafaeli, aliyefuatana na Tobia, atufikishe na kuturudisha salama.

Safari njema, na Noeli yenye heri.