Weka sharti, kisha jaribu kulivunja

Chukulia unakusanya data za uzito wa watoto wa chini ya miaka mitano kliniki. Watoto watatu wamepimwa: kilo 9, 10 na 11. Wastani ni 10. Wa nne amefika, mizani imeharibika. Anayeingiza data anajaza 0 ili fomu ikubali kwenda mbele, na wastani unashuka hadi 7.5.

Angejaza 999, wastani ungeruka hadi 257.25 na kila mtu angeshtuka. Lakini 7.5 haimshtui mtu. Inaingia kwenye ripoti kimya kimya, na ripoti inasema watoto wamekonda.

Wengi huzuia makosa haya kwenye programu ya kuingizia data. Sawa, ila data haipiti mlango mmoja. Leo inatoka kwenye simu, kesho mtu anapakia faili la Excel, keshokutwa wewe mwenyewe unarekebisha kwa mkono saa nane usiku. Ndiyo maana kanzidata za majedwali, kama PostgreSQL, zinakuruhusu kuandika masharti ndani ya jedwali lenyewe. Data ikija kwa njia yoyote, itakutana nayo.

```
CREATE TABLE watoto (
  namba integer PRIMARY KEY
);
CREATE TABLE vipimo (
  mtoto integer NOT NULL REFERENCES watoto (namba),
  tarehe date NOT NULL,
  uzito_kg numeric CHECK (uzito_kg > 0 AND uzito_kg < 40),
  UNIQUE (mtoto, tarehe)
);
```

Tusome pamoja:

- PRIMARY KEY: kila mtoto ana namba yake. Haijirudii wala haiachwi tupu.
- REFERENCES: huwezi kurekodi kipimo cha mtoto ambaye hayupo kwenye jedwali la watoto, wala kumfuta mtoto huku vipimo vyake vimebaki.
- UNIQUE: mtoto mmoja, siku moja, kipimo kimoja. Ukipakia faili lile lile mara mbili, la pili linakataliwa.
- CHECK: 0 haiingii, 999 haiingii, hata 92 ya mtu aliyesahau nukta kwenye 9.2.

Sasa swali: uzito ukiachwa tupu je? Wengi watasema CHECK itakataa. Hapana, inapita. Kwenye SQL, tupu (NULL) maana yake ni "haijulikani", siyo sifuri. Ukiuliza kama kisichojulikana kinazidi 0, jibu si ndiyo wala hapana, nalo pia halijulikani. Na CHECK hukataa pale tu jibu linapokuwa hapana.

Kwa mfano wetu, hiyo ni heri. Mtoto hakupimwa, tunaacha tupu, na AVG huruka sehemu tupu, kwa hiyo wastani unabaki 10. Ukitaka uzito uwe wa lazima, ongeza NOT NULL. Ila fikiria kwanza: ukimlazimisha mtu ajaze asichokijua, atabuni tu.

Jambo lingine: sharti kuandikwa si sawa na sharti kufanya kazi. MySQL kabla ya toleo la 8.0.16 ilikuwa inaisoma CHECK bila kulalamika, halafu inaipuuza. SQLite nayo kwa kawaida haijali REFERENCES mpaka uandike PRAGMA foreign_keys = ON, tena kila unapofungua muunganisho mpya.

Kwa hiyo ukimaliza kuunda jedwali, jaribu kulivunja. Ingiza mtoto namba 1, kisha andika:

```
INSERT INTO vipimo VALUES (1, '2024-05-06', 0);
```

Likikubali, huna sharti, una pambo.

Na kama jedwali lako tayari lina data? Ukiongeza CHECK kwa ALTER TABLE, PostgreSQL hukagua kwanza mistari ya zamani, na ikikuta hata mmoja mbovu inagoma. Usikasirike. Tafuta mistari hiyo kwa SELECT, rudi kwenye daftari la kliniki, rekebisha, kisha jaribu tena.